Kikombe Kimoja cha Mchele

Kasongo, 9 Septemba 2024

Mwanvua, mdogo wangu,

Kosa la watu wengi wanapochagua sufuria ya umeme ya presha ni kutazama tumbo lake. Wanauliza inaivisha wali wa watu wangapi, ina taa ngapi, mfuniko wake unang'aa kiasi gani. Hawaulizi italishwa na nini. Ni kama mtu anayenunua ng'ombe kabla ya kujua kama nyasi zipo.

Jana nilikwenda dukani kwa Feza kuchukua ile sufuria ambayo marehemu mumeo Mahamudu alikulipia mwezi mmoja kabla ya kufariki. Feza akaweka mbili mezani. "Mwalimu, chukua ile kubwa," aliniambia, "bei iko moja, na dada yako ataona kama bado unamuheshimu." Kubwa imeandikwa wati elfu moja. Konvertiseri ya Mahamudu, lile sanduku linalogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumba, mwisho wake ni wati mia nane. Najua kwa sababu tuliifunga pamoja siku alipofungua kibanda chake cha kuchaji simu. Ungechomeka ile kubwa, sanduku lingelia mara moja na kuzimika. Nimechagua ndogo, wati mia tano, lita tatu. Mko watano mnaokula hapo: wewe, wifi yako Mounira anayekaa nawe edani, na jirani yako Régina na watoto wake wawili. Inawatosha.

Sasa sikiliza matumizi yake. Ndani yake mna chungu kinachotoka. Mchele na maji vinatiwa katika chungu hicho tu, kamwe si katika mwili wa sufuria. Ukimwaga maji huko ndani umeiua. Osha mchele mara tatu. Mchele wetu unaotwangwa kwenye kinu una vumbi la pumba, vumbi hufanya povu, na povu huziba tundu la mvuke. Funga mfuniko mpaka ulie. Pembeni mwa tundu utaona kijiti kidogo cha chuma. Kikipanda, ndani mna presha. Usishindane na mfuniko mpaka kishuke chenyewe. Pika kati ya saa tano na saa nane mchana, jua likiwa juu ya paneli, ili betri zibaki na nguvu ya taa.

Kwa sufuria hii huhitaji kuni zilizolowa mvua, huhitaji kumtuma mtu msituni, na chumba cha eda hakitajaa moshi. Kwa hiyo huna sababu ya kutoka. Siku ya mazishi nilikuambia neno moja mbele ya watu, na silirudishi: safari hii, maliza. Shule uliiacha njiani. Nyumba ya mume wa kwanza uliiacha kabla ya mwaka. Eda ni miezi minne na siku kumi. Ikae yote, mpaka mwisho wa Desemba.

Kwa kuwa mnara wa simu wa huko haujasimama tena tangu Agosti, pikipiki ya Heri ndiyo simu yetu. Amekwishaifunga sufuria kwa blanketi.

Kaka yako,
Alimasi

*

Salamabila, 17 Septemba 2024

Yaya Alimasi,

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, sufuria imefika nzima na Heri amefika nusu. Matope yalimpaka mpaka kwenye kope. Alisema, "Mama Mwanvua, nimebeba hii kintu kama mutoto muchanga, sasa nipe chakula." Tukamwambia chakula ndicho hicho alichokibeba, angoje.

Alingoja sana. Mounira alipima mchele kwa kopo letu la sokoni, makopo matano, akatia maji mpaka mstari ulioandikwa tano. Tulipofungua, juu punje zilikuwa ngumu, katikati mbichi kabisa. Mounira akanitazama. "Kaka yangu kabla ya kufa alikuachia mashine ya kukaanga mawe," alisema. Régina alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka ndani ya nyumba hii tangu siku ya mazishi, na mimi nikacheka pia, halafu nikaona aibu kwa sababu kanzu yake bado inaning'inia mlangoni. Heri alikula akasema amekula vibaya zaidi ya hapo njiani.

Niambie kosa liko wapi.

Huku tuko salama. Kulikuwa na milio ya risasi upande wa machimbo Jumatatu, lakini mbali. Wanawake wa kuni hawavuki mto sasa, ndiyo maana ninaishukuru sufuria.

Na neno lako la mazishi nimelishika. Usifikiri nimelisahau. Watu wote walilisikia, na mimi nililisikia kuliko wao. Safari hii nitamaliza.

Mdogo wako,
Mwanvua

*

Kasongo, 26 Septemba 2024

Mwanvua,

Kosa liko kwenye kopo. Ndani ya boksi mlikuwa na kikombe cha plastiki, kidogo, kinaonekana kama cha kuchezea watoto. Bila shaka mmewapa watoto wa Régina. Kichukueni. Mistari iliyochorwa ndani ya chungu inahesabu kikombe hicho, haihesabu kopo la soko la Salamabila. Vikombe vitano vya plastiki, maji mpaka mstari wa tano. Vitatu, mstari wa tatu. Kopo lenu linaingiza karibu mara mbili yake, ndiyo maana mchele ulikuwa mwingi na maji machache. Nimewafundisha watoto miaka thelathini na mbili, na kila mwaka kulikuwa na mmoja aliyepima kwa kifaa kimoja na kusoma kwa kingine. Mwambie Mounira yumo katika darasa kubwa.

Sasa mimi nikuulize. Wiki hii watu wa Salamabila wamefika hapa na magodoro kichwani. Wamelala kwenye madarasa ya shule yangu ya zamani. Mmoja alisema mtaa wenu umeanza kuhama. Wewe umeniandikia kuhusu milio ya mbali. Niambie sawasawa: nani yuko nyumbani?

Alimasi

*

Salamabila, 8 Oktoba 2024

Yaya,

Barua yako ilikaa siku sita njiani, Heri alizuiwa kwenye kizuizi.

Ulisema kweli. Kikombe kilikuwa kwa watoto, wakikitumia kuogesha mwanasesere. Sasa wali unatoka mweupe, punje moja moja. Siku mbili zilizopita mawingu hayakuondoka, konvertiseri ikalia nikiwa katikati ya kupika. Nikaiacha imefungwa bila kuigusa, joto lililobaki ndani likaumalizia. Uliniambia nisishindane na mfuniko, sikushindana.

Ninapika vikombe vitatu sasa. Watoto wa Régina amewapeleka kwa bibi yao kwa muda, wabadilishe hewa. Sisi wengine tupo. Mounira anakusalimu, anasema darasani kwako angefaulu.

Usisikilize sana watu wa magodoro. Anayekimbia lazima aeleze kwa nini alikimbia.

Nimeweka kanzu ya Mahamudu ndani ya sanduku, kwa sababu ya vumbi.

Mwanvua

*

Kasongo, 15 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Nimefurahi kuhusu wali. Ulivyofanya siku ya mawingu ndivyo inavyotakiwa: sufuria iliyofungwa hushika joto, inaendelea kuivisha hata umeme ukikatika. Wachache wanalijua hilo. Futa paneli kwa kitambaa kila asubuhi, vumbi jembamba huiba nguvu kuliko unavyodhani. Kipira cha mfuniko kitoe, kioshe, kikauke, ukirudishe. Na ukipika sombe, majani ya muhogo, humo usivuke nusu ya chungu, jani moja lililopanda linatosha kuziba tundu.

Kuhusu watu wa magodoro, nimekusikia. Wewe ndiwe uliye huko. Lakini nilipomuuliza Heri habari zenu, alianza kuangalia tairi lake. Tairi lilikuwa zima.

Alimasi

*

Salamabila, 27 Oktoba 2024

Yaya,

Nisaidie, sufuria imenigeuka. Siku nne sasa wali unaungua chini na juu haujaiva. Kijiti hakipandi kabisa. Mvuke unatoka pembeni, halafu sufuria inapiga kelele na kuandika herufi nisizozijua. Nimeosha kipira. Nimesafisha tundu kwa mti wa ufagio. Natia kikombe kimoja cha mchele na maji mpaka mstari wa kwanza, naona mstari huo nimeuwazia mwenyewe, maana mistari inaanzia kwenye mbili.

Jana nilikula ule ulioungua. Leo nimetafuna mchele uliolowekwa tu. Kuni hakuna. Naomba unijibu upesi, hata karatasi nusu. Nikikosa hii sufuria sijui nitafanya nini.

Mounira anakusalimu.

Mwanvua

*

Kasongo, 3 Novemba 2024

Mwanvua mpenzi,

Usilie, haijaharibika. Ni jambo la elimu tu, na nimefurahi umeniuliza.

Sufuria ya presha hufanya kazi kwa mvuke. Mvuke hutoka katika maji. Maji ya kikombe kimoja ni machache mno: yanakauka kabla mvuke haujajaa, kijiti hakipandi, na chini panaungua. Ndiyo maana mistari inaanzia kwenye mbili. Waliotengeneza hawakusahau mstari wa kwanza.

Fanya hivi. Tia vikombe viwili vya maji matupu ndani ya chungu. Chukua mfuniko wa kopo la maziwa, utoboe matundu, uukunje ukingo usimame kama kigoda, uuweke ndani ya maji. Juu yake weka bakuli dogo la chuma. Ndani ya bakuli tia kikombe kimoja cha mchele uliooshwa na kikombe kimoja na robo cha maji. Funga. Dakika kumi na mbili, halafu ngoja kijiti kishuke chenyewe. Maji ya chini yanatengeneza mvuke, mvuke unaivisha bakuli. Wali utakuwa mzuri kuliko ule wa kwanza, na maji ya chini yatakufaa kwa chai.

Kwa njia hii unaweza kuendelea hivyo mpaka Desemba bila shida yoyote.

Alimasi

*

Kasongo, 4 Novemba 2024

Mwanvua,

Heri ameondoka jana jioni na barua yangu. Nimemkimbilia leo asubuhi, nimechelewa. Hii nampa kijana mwingine wa pikipiki anayesema atafika.

Niliyafurahia maelezo yangu. Nilikuwa nimebaki na nakala ya kwanza, nikaenda kumsomea Feza dukani, nione kama mteja mwingine anaweza kufaidika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono. "Sawa, Mwalimu. Lakini huyo dada yako anapikia mutu mumoja? Wengine wamekwenda wapi?"

Nikarudi nyumbani, nikazipanga barua zako zote mezani.

Vikombe vitano. Vitatu. Kimoja. Uliniandikia hesabu yote, barua kwa barua, nami nikasahihisha maji. Watoto wamekwenda, Régina amekwenda, Mounira amekwenda. Mounira anayenisalimu hayupo. Uko peke yako katika nyumba ile, unatafuna mchele mbichi, na mimi nimetumia kurasa mbili kukufundisha jinsi ya kubaki.

Usifanye nilichokuandikia jana. Usitafute mfuniko wa kopo. Toka. Eda haikatazi mtu kuokoa roho yake. Nenda kwa shangazi, kule Lusangi, nitakuja kukupokea hapo. Nijibu kwa neno moja tu: "Nakuja."

Alimasi

*

Salamabila, 12 Novemba 2024

Yaya Alimasi,

Umefanya muujiza mdogo. Heri alifika tarehe nane na barua yako ya tarehe tatu, na leo anarudi Kasongo. Mfuniko wa kopo nilitoboa kwa msumari, bakuli ni lile la Mahamudu la kunyolea. Wali umeiva vizuri mpaka nimekula nimesimama, sikungoja hata sahani. Nimeweka mawese kidogo na chumvi. Baada ya hapo nilikaa chini nikalia, sijui kwa nini, labda kwa sababu tumbo lilikuwa limejaa.

Sasa naweza kukuambia, kwa kuwa hakuna tena cha kukutia wasiwasi. Mounira aliondoka tarehe kumi Oktoba. Alinishika mkono, akasema, "Wifi, hata weye twende, Mungu anaona." Nikamwambia: nimekwisha kuacha vitu viwili maishani, cha tatu sikiachi, kaka yangu alinisema mbele ya mji. Akasema, "Kaka yako iko Kasongo." Halafu akapanda pikipiki, akaenda. Régina aliondoka tarehe ishirini, akaniachia chumvi yake na mwanasesere wa watoto. Heri nilimwapisha asikuambie, nikamwambia akisema sitampa barua nyingine. Usimgombeze, alikuwa akija bila furaha.

Mtaani moshi unatoka nyumba nne. Kwangu hautoki. Hilo ndilo linalonilinda, Yaya. Wale wanaopita na bunduki wanaona nyumba isiyo na moshi, wanadhani hamna mtu, wanapita. Sufuria yako imenificha. Juzi walikaa kibarazani kwangu kabisa, wakipumzika. Mimi nilikuwa ndani na sufuria ilikuwa na presha. Niliogopa tundu lisije likalia. Nikaifunika kwa kanzu ya Mahamudu na kwa godoro, nikalala juu yake mpaka wakaenda. Imeniunguza kidogo tumboni, si sana.

Zimebaki siku arobaini na nne. Mchele unatosha, nimehesabu: kikombe kimoja kwa siku. Mara hii utaona.

Heri alisema njiani alikutana na kijana mwingine mwenye barua yako nyingine. Haijafika. Labda ilikuwa salamu tu.

Mwanvua

*

Lusangi, 17 Novemba 2024

Mwanvua, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Ninakuandikia nikiwa Lusangi, nyumbani kwa shangazi. Nimekuja nyuma ya Heri kwenye pikipiki, mimi mzee wa miaka sabini na moja, siku mbili, nikiwa nimejifunga kwa mtandio wa Feza ili nisianguke. Ningefika mpaka kwako. Kwenye kizuizi cha mwisho wamekataa wanaume wa umri wowote wasio na pikipiki yao. Heri wamemzoea, anapita. Kwa hiyo anakuja yeye na karatasi hii, na karatasi hii ndiyo mimi.

Barua ambayo haikufika haikuwa salamu. Ilikuwa inakuambia utoke. Yule kijana alirudia njiani, akanirudishia bahasha imelowa.

Nisikilize kama ulivyonisikiliza kuhusu maji, kwa maana nitaeleza kitu kimoja tu.

Umeniandikia kwamba nyumba isiyo na moshi inakuficha. Mwanvua, umetazama chini, angalia juu. Paneli mbili ziko kwenye paa. Nilikuambia uzifute kila asubuhi, na wewe ni mtiifu, zinang'aa. Mtu mwenye bunduki anayeamini nyumba haina mwenyewe haipiti siku zote. Siku moja anapanda juu kuchukua paneli, halafu anafuata waya ili apate betri. Waya unaishia chumbani kwako. Hao waliokaa kibarazani hawakuwa wanapumzika tu. Walikuwa wanahesabu. Hao watarudi na ngazi. Hii si hofu ya mzee. Ni waya, nimeuvuta kwa mikono yangu mwenyewe kutoka paa mpaka betri, najua unapopita.

Sasa eda. Nimekwenda kwa shehe wa hapa asubuhi, nimemwuliza kama mwanafunzi anavyouliza. Alijibu hata kabla sijamaliza: mwanamke anayehofia nafsi yake anahama, na siku zake zinaendelea kuhesabiwa pale alipohamia. Hazikatiki. Hazianzi upya. Siku thelathini na tisa zilizobaki utazikaa katika chumba cha nyuma cha shangazi, mlango umefungwa, kwa nguo zilezile nyeupe. Utakuwa umemaliza. Shangazi amekwisha kutandika kitanda.

Limebaki neno langu la mazishi. Nilisema silirudishi. Nalirudisha. Nilikusema mbele ya watu kwa sababu nilikuwa na uchungu na nilipenda kusikika, na wewe umelibeba miezi mitatu peke yako kama amri. Shule uliiacha kwa sababu niliacha kukulipia mwaka ule, hilo hukuwahi kumwambia mtu, na mimi pia sikumwambia mtu. Yule mume wa kwanza alikuwa anakupiga. Hukuacha chochote, Mwanvua. Ulitoka. Kutoka ulikuwa unakujua vizuri tangu zamani, mimi ndiye niliyekufundisha kubaki.

Nilikueleza kila kitu kuhusu ile sufuria. Nilichagua wati, nikakupa mistari, povu, kipira, bakuli. Kila nilipoeleza vizuri ulibaki siku kumi zaidi. Sitaki kueleza tena.

Sufuria iache. Iache na wali ndani kama umekwisha kuuweka, usingoje kijiti kishuke. Kanzu ya Mahamudu ivae juu ya nguo zako. Betri, paneli, sanduku, waache wachukue. Usiage nyumba nne zilizobaki, waambie waje nyuma yako.

Heri yuko mlangoni na hatazima injini. Chomoa waya, vaa viatu, upande pikipiki leo hii.

Kaka yako,
Alimasi